Nanga, Afisa Aliyeogopa Maji

Jina la Nanga alilipata chuoni, wiki ya kwanza ya mafunzo ya jeshi la majini. Mkufunzi aliwaamuru waruke bwawani na kuvuka hadi upande wa pili. Wenzake walitupa mikono wakafika. Yeye aliruka, akazama moja kwa moja, akatulia kule chini kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha. Walipomtoa, anakohoa, macho mekundu kama pilipili, mkufunzi akamwambia, "Wewe si baharia, bwana. Wewe ni nanga." Jina likamganda.

Mdogo wake wa kike, ambaye yeye alimwita Kasuku kwa kupenda kwake kusema, ndiye pekee aliyejua kwamba kutojua kuogelea kulikuwa sehemu ndogo tu ya tatizo. Utotoni kaka yake alitumbukia kwenye tangi la maji nyuma ya nyumba, na Kasuku akapiga mayowe mpaka baba akaja kumvuta kwa kola. Tangu siku ile kaka mtu hakuweza hata kunawa uso akiwa amefumba macho.

"Sasa mtu anayeogopa maji anafuata nini baharini?" Kasuku alimuuliza siku alipoondoka nyumbani.

"Jeshi la nchi kavu wamenikataa, eti nyayo zangu bapa. Nikae hapa nihesabu mende? Halafu hii hofu, nikiikimbia itanifuata mpaka kitandani."

Kuogelea alijifunza kwa ukaidi, alfajiri, wenzake wakiwa bado wanakoroma. Akawa afisa mdogo, akawa msaidizi wa nahodha, mwishowe akakabidhiwa meli ya doria iwe yake. Cheo kilipanda, hofu nayo ikapanda ngazi ileile. Kila kabla ya safari alikagua kamba za jaketi za kuokolea moja moja, akazifungua boti za mpira, akajaribu kila mlango wa chuma. Mabaharia walimcheka pembeni: "Nanga anatukagua kama mama mkwe anayekagua masufuria." Walicheka, lakini walifunga kamba.

Siku za kuondoka hakuweza kumeza chakula. Alipitia kwa Kasuku akanywa chai ya rangi tu.

"Mwambie mkeo unavyoogopa," Kasuku alimsihi.

"Wifi yako akijua, atapata usingizi lini tena? Wewe unatosha."

Basi Kasuku akawa anaogopa kwa niaba ya watu wawili. Hata kazi aliitafuta karibu naye: chumba cha redio bandarini, juu ghorofani, chenye madirisha mapana, ramani ya bahari ukutani na kiti kilichochanika ngozi. Kazi yake ilikuwa kuzungumza na meli zinazoingia na zinazotoka. Sauti ya kaka yake ikisema tu "Kituo, tumerudi," kifua chake kilifunguka.

Alasiri ile mvua ilikuwa inachapa vioo. Meli ya Nanga ilikuwa imetoka asubuhi kuisaidia meli ya mizigo iliyozimikiwa injini, ikafanya kazi yake, na sasa ilikuwa njiani kurudi.

"Kituo, kituo, hapa Doria. Chumba cha injini kinaingiza maji. Pampu zimezidiwa."

Kasuku alivuta daftari na kalamu. Mkuu wa zamu, mzee mpole mwenye miwani, akaja kusimama nyuma ya kiti chake.

"Doria, nakupata. Taja ulipo, na idadi ya watu."

Kaka yake alitaja. Watu kumi na tisa. Alisema kwa utulivu, kama anayesoma taarifa ya habari, lakini Kasuku alisikia anavyomeza mate katikati ya maneno.

"Wote wamevaa jaketi?"

"Wote."

"Na wewe?"

Swali hilo halikuwa la kikazi. Redio ikakoroma kidogo. "Na mimi."

Mkuu wa zamu alikuwa tayari kwenye simu, anatuma boti kubwa ya kuvuta meli. Kutoka bandarini, kwa mawimbi yale, ingefika baada ya saa nzima.

"Kasuku," sauti ikarudi, imeshuka sana. "Ninaogopa."

"Hata mimi, kaka. Usiache redio."

"Watu nimeshawashusha kwenye boti za mpira. Mafundi wawili wamebanwa chini, mlango umekwama."

"Mtume mwingine!"

"Nani? Nimebaki mimi."

Kikasikika kishindo cha chuma kikigonga chuma, halafu mvumo mtupu. Kasuku aliita. Aliita tena na tena, mpaka mkuu wa zamu akamwekea mkono begani na kusema taratibu, "Mama, nipe hedifoni." Hakumpa.

Boti za mpira zilipatikana jioni ile, na watu wote waliokuwa ndani walikuwa hai. Fundi mmoja naye aliokotwa anaelea peke yake. Ndiye aliyesimulia kwamba Nanga aliufungua ule mlango kwa nondo huku akilia na kutukana matusi ya kutia aibu, anatetemeka mwili mzima, lakini mikono haikusimama. Alimsukuma yeye juu, akarudi chini kumfuata mwenzake. Hapo meli ikalala ubavu.

Kasuku hakutaka wifi yake aambiwe na watu wenye magwanda. Alikwenda mwenyewe. Wifi alifungua mlango, akamtazama usoni, akakaa chini palepale kizingitini.

"Alisema nini?"

Kasuku alijiuliza. Aendelee kuificha siri ya marehemu? "Alisema anaogopa."

"Alikuwa anaogopa siku zote," wifi akasema. "Ulidhani sijui? Usiku wa kuamkia safari kitanda kizima kilikuwa kinatikisika. Mimi nilijifanya nimelala, asije akaona aibu." Ndipo alipolia, na Kasuku akakaa naye kizingitini.

Walitafuta mpaka serikali ikasitisha. Mwili haukuonekana. Hilo ndilo lililowatesa zaidi: Kasuku akiwa kwa wifi yake, geti likigongwa, wote wawili walishtuka, wakatazamana, na kila mmoja akaogopa kwenda kufungua. Mwishowe wifi na watoto wake walihamia kwa Kasuku, kwa kuwa nyumba ile ilikuwa inawatisha hata mchana kweupe.

Mkuu wa zamu alimtafutia Kasuku meza nyingine, ya makaratasi, mbali na redio. Alikataa, na sababu hakumwambia mtu. Mpaka leo yuko kwenye kile chumba cha ghorofani. Upepo ukianza kusukuma vioo, humwomba mwenzake amshikie redio, hutoka akatapika, akasukutua mdomo, kisha hurudi kukaa na kuuliza meli iliyo karibu imebeba watu wangapi.