Sahani Iliyofunikwa Jukwaani

Jirani yangu anayeuza dagaa hapa Nyasubi ndiye aliyeniambia kwanza kwamba lile igizo la nyimbo la zamani limerudishwa. Jumamosi tulikwenda. Ukumbi ni mdogo, tuliwasikia waigizaji hata wakivuta pumzi.

Jukwaani, mke ambaye mumewe yuko machimboni alipakua ugali, akaimba, kisha akaifunika sahani ya mumewe.

“Kula mwenyewe, dada! Huyo kaoa mwingine huko Runzewe!” mama mmoja akapaza sauti. Watu wakacheka.

“Mwacheni amfunikie,” jirani yangu akajibu, huku akinishika mkono.

Jumapili jioni mchambuzi wa redio alizisifu sauti, ila akasema sahani hiyo imepitwa na wakati. “Siku hizi mke anapiga simu.”

Ni kweli, simu zipo. Ya mume wangu, aliyekwenda kuchimba Geita, haipatikani tangu mvua zianze. Labda mchambuzi huyo hula na watu wake wote wakiwa mezani.

Asubuhi iliyofuata niliifunua sahani niliyomwekea mume wangu, nikapasha kiporo, nikala na mwanangu. Kisha nikaiosha, nikaiweka juu ya nyingine zote, nisisumbuke kuitafuta jioni.