Asidi ya Vibatari

Zéphyrin alifika Kampala mwaka 1997 akiwa na mke, mtoto, gitaa na mdomo. Gitaa, jekundu la umeme, lilitoka Bukavu mgongoni mwa mkewe Pélagie, limefungwa kitenge kama kichanga, kwa sababu mtoto mwenyewe alikuwa amebebwa na baba yake. Na ili mgongo wa Pélagie upate nafasi, cherehani yake ilibaki kwenye nyumba waliyoikimbia. Mdomo haukuhitaji kubebwa na mtu.

Miaka miwili alibeba magunia sokoni Nakivubo, na kila aliyemsikiliza aliambiwa kwamba mabega yale yalikuwa ya mpiga gitaa. Mwishowe Fadhul, kiongozi wa bendi iliyopiga Jumamosi alasiri kwenye baa moja pale pale Nakivubo, alimchoka, akamwita ampigie. Akamsikiliza bila spika, sikio karibu na nyuzi, akakubali kwamba mkono anao. Ila bendi haikuwa na amplifaya ya ziada.

"Leta ya kwako," Fadhul alimwambia. "Jumamosi tatu nakujaribu. Ukimaliza vizuri, nafasi ni yako. Ukiniaibisha mbele ya watu, usinitafute tena."

Zéphyrin alirudi nyumbani akamwapia Pélagie mambo mawili: magunia yamekwisha, na cherehani inakuja. Pélagie, ambaye wakati huo alishona nguo za majirani kwa mkono mpaka vidole vikavimba, alimwamini. Ndivyo alivyoumbwa, maskini. Alimwamini kila mara, na kila mara ikamuuma upya.

Amplifaya ya dukani ilikuwa ndoto, kwa hiyo akaamua kuunda yake. Mtu huyu hakuwahi kuunda hata swichi. Alichokuwa nacho ni mchoro alioukuta kwenye gazeti kuukuu la ufundi, na imani isiyo na msingi. Vifaa akaenda kuvitafuta kwa Okeny.

Okeny alikuwa Mwacholi, fundi wa redio za jeshi aliyeishi kambini Mbuya mpaka alipopunguzwa kazini pamoja na wenzake. Sasa alikuwa na meza yake mtaani Katwe, chini ya kipande cha bati, katikati ya wagonga masufuria, na redio zilizokufa zimepangana nyuma yake hadi juu. Hakuwa na maneno mengi. Alimchambulia Zéphyrin transfoma, transista na spika, kisha akasema, "Wewe leta hapa. Mimi nalehemu, wewe naangalia. Hii kitu mara ya kwanza, lazima mtu naonyesha wewe."

Ilikuwa huruma tupu, haina masharti. Lakini Zéphyrin akachungulia redio iliyokuwa wazi mezani, akaona viungo vya nyaya alivyolehemu Okeny, vinene, vya mviringo, vyenye weusi weusi pembeni. Mafundi wa jirani walikuwa wanasikiliza. Kwa mtu wa aina yake, hilo lilitosha.

"Mzee, hii ni kulehemu ao ni mavi ya mbuzi? Mi sitaki batu baseme gitaa yangu inakula majani."

Wagonga masufuria waliacha kugonga ili wacheke vizuri. Tangu siku ile jina lile lilimganda Okeny. Hata wateja waliokuja na redio zao waliuliza meza ya Mavi ya Mbuzi iko wapi. Siku yenyewe Okeny alivifunga vifaa ndani ya gazeti, taratibu, akamkabidhi.

Nyumbani, chuma cha kulehemu cha kuazima kikiwa mkononi, Zéphyrin alikutana na kazi yenyewe. Risasi ya kulehemia haikutaka kushika. Iliyeyuka, ikajikusanya tone, ikabingirika mezani. Miguu ya vifaa vile vya zamani ilikuwa na kutu, naye alidhani dawa ni kuzidisha moto, kwa hiyo akaunguza transista mbili na ngozi ya kidole gumba. Sauti ilipotoka hatimaye, ilikuwa mvumo wa kinu cha kusaga, maana waya wa gitaa aliupitisha ubavuni mwa transfoma. Akauhamisha. Mvumo ukapungua, akaingia mhubiri wa redio, anayekemea ulevi kwa Kiganda. Akauondoa waya mrefu ulionasa redio, mhubiri akanyamaza, lakini sasa sanduku la chuma lilimpiga umeme kila alipoligusa, kwa sababu waya wa ardhi alikuwa amesahau kuufunga kabisa.

Hayo yote aliyarekebisha moja moja, na tuseme kweli, alistahili sifa. Yaliyomshinda ni viungo. Ukiuvuta waya kidogo, unatoka na risasi yake, kavu, kama jino la mtoto. Na Jumamosi ya kwanza ilikuwa imebaki siku nne.

Ndipo akamkumbuka Abdu, fundi bati aliyefanya kazi hatua tatu kutoka meza ya Okeny. Abdu alitengeneza vibatari vya mafuta ya taa na makopo ya kumwagilia maua. Alikuwa na chupa ya asidi iliyoyeyushiwa vipande vya zinki, na unyoya wa kuku wa kuipakia. Bati likipakwa asidi ile, risasi ilitambaa yenyewe mpaka kwenye pembe. Akimaliza kopo, Abdu alilizamisha ndani ya pipa la maji, akalisuuza mara mbili. Zéphyrin alimwona akifanya hivyo kila alipopita na hakujiuliza kwa nini.

"Chukua, ndugu yangu," Abdu alimwambia kwa moyo mweupe. "Hakuna chuma inakataa hii."

Na kweli hakuna kilichokataa. Zéphyrin alikaa mlangoni pa Abdu mchana kutwa, akarudia viungo vyote, na kila kimoja kilitoka chembamba, laini, cheupe kama kijiko kipya. Asidi ilifuka moshi mkali uliokera pua. Okeny akainua kichwa, akaiweka chini bisibisi yake.

"Mzee, njo uone!" Zéphyrin alipaza sauti ili wote wasikie. "Hii ndiyo kulehemu!"

Okeny alikuja. Aliinama juu ya sanduku, akaangalia muda mrefu, pua yake karibu na nyaya. Wagonga masufuria walingoja.

"Inang'aa," alisema. "Inang'aa, ssebo." Akamwita bwana, kwa Kiganda, akarudi kukaa.

Jumamosi ya kwanza gitaa lilisema. La pili liliimba, na watu waliacha chupa zao mezani wakacheza. Pélagie alikuwepo siku hiyo. Asubuhi yake alikuwa amepima kwa kamba sehemu ya chini ya dirisha ambapo cherehani ingekaa. Alikuwepo pia Elisée, kijana wa Uvira ambaye Zéphyrin alimfundisha gitaa kanisani, akamdharau mbele ya kwaya, akaendelea kumfundisha. Elisée alisimama nyuma akitazama vidole vya mwalimu wake.

Jumamosi ya tatu baa ilijaa. Wimbo wa kwanza amplifaya ilikwaruza kidogo. Wa pili, sauti ikaja nusu. Zéphyrin akalipiga sanduku teke, sauti ikarudi, watu wakashangilia, naye akawainamia kama mtu aliyefanya ufundi. Wimbo wa tatu ulikuwa wake, sehemu ya gitaa peke yake. Alifunga macho, akaingiza vidole, na hakikusikika kitu ila nyuzi tupu. Akaendelea kupiga hivyo hivyo, macho yamefungwa, kwa sababu alijua atakachokiona akiyafungua. Mlevi mmoja alipiga kelele, "Mpeni magunia!" na baa yote ikapasuka kwa kicheko.

Fadhul hakupoteza muda. Aliuliza kama kuna mwingine anayeujua wimbo, na Elisée akapanda. Mpiga besi alimpa nafasi kwenye amplifaya yake kubwa. Na gitaa jekundu, lile lililovuka mpaka mgongoni mwa Pélagie, Fadhul alilichukua mikononi mwa mwenyewe akampa Elisée, amalizie siku.

Jumatatu Zéphyrin aliliweka sanduku lake juu ya meza ya Okeny bila salamu. Okeny akafungua skrubu. Ndani kulikuwa na ukungu wa kijani. Kila waya ulioshikwa na vile viungo vyembamba, vyeupe, ulikuwa umeliwa, na Okeny aliuangusha mmoja kwa kuugusa tu na ukucha.

"Asidi," Okeny alisema. "Hii nakula kopa, shaba ya waya. Abdu nasafisha na maji, wewe hapana. Kulehemu ya mimi ni nyeusi sababu ya ulimbo, hiyo utomvu ya mti. Ulimbo nachunga waya."

"Ulijua?"

"Siku ile ile. Nilisikia harufu."

"Na juu ya nini hukuniambia?"

Okeny alimtazama usoni. "Mavi ya Mbuzi nafundisha nani?" akauliza, akalirudisha sanduku upande wa Zéphyrin.

Pélagie hakumpigia kelele. Alisema jambo moja tu, akiwa amempa mgongo, akivunja uzi kwa meno: "Cherehani yangu, ningeitia mafuta tu, ikafanya kazi." Alijua kutesa kwa sauti ya chini, na Zéphyrin alitamani angepigwa.

Magunia hakuyarudia, bega lilikuwa limekwisha. Abdu alimpa kazi. Akajifunza makopo na vibatari, na mkono wake ulikuwa mwepesi hivi kwamba makopo yake hayakuvuja hata moja. Okeny aliondoka mwaka uliofuata, akarudi kwao Gulu, na meza yake ikachukuliwa na muuza misumari.

Ijumaa moja Elisée alikuja Katwe mbio mbio, amekumbatia amplifaya mpya ya bendi, ile aliyoihangaikia Fadhul mwaka mzima. Waya wa ndani ulikuwa umechomoka, na kesho yake walikuwa na harusi kubwa.

"Mwalimu, nisaidie. Fundi wa redio haiko tena hapa."

Zéphyrin aliichukua. Alimsikia Elisée akisema kwamba Fadhul angemfukuza kitu kikiharibika, kwamba mke wake ni mjamzito. Yote aliyasikia vizuri. Alichovya unyoya ndani ya chupa, akaupaka waya ule, kisha, bila kuombwa, akaipaka na mingine iliyokuwa mizima, akailehemu upya yote.

"Inang'aa, mwalimu!"

"Inang'aa," alisema Zéphyrin, akamrudishia.

Elisée alishukuru mara tatu, akaondoka kwa furaha. Zéphyrin alimtazama mpaka akapotea kati ya maduka. Kisha akachukua kopo alilolimaliza asubuhi, akalizamisha ndani ya pipa, akalisuuza mara mbili.