Fundo la Kuli

Australia ilipofunga mipaka yake nami nikiwa ndani, sikutulia hata siku moja. Nilikuwa nikifagia chumba nilichokwisha kukifagia, nachungulia dirishani, narudi kwenye simu kutazama meli kwenye ramani. Ilikuwa imebeba kitanda cha hospitali nilichomtumia baba Mombasa, kile cha kuinua kichwa, maana kifua kilikuwa hakimpi usingizi akilala chali. Meli ilikwama Singapore wiki tatu. Nikaitukana korona, nikaitukana na meli.

Baba alikuwa kuli bandarini Mombasa. Alipenda kunisimulia siku alipoona kontena kwa mara ya kwanza. Yeye na wenzake walisimama na kulabu zao za kuvutia magunia, wakalicheka lile sanduku. Winchi ikalinyanyua mara moja, na shehena ya kuwatoa jasho kutwa nzima ikawa imeshuka kabla ya chai. Kisha wakaambiwa kila bandari duniani itapokea masanduku ya kipimo hichohicho.

"Hapo ndipo tulipoacha kucheka," alisema.

Akaapa mtoto wake hatabeba mzigo wa mtu, akanisomesha kwa nguvu zilizombakia.

Nami nilimwambia nafanya kazi ofisini. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii yangu niliirefusha miaka miwili. Nilikuwa napakia na kupakua makontena kwenye ghala moja la Mount Druitt, hukohuko Australia, barakoa usoni, viganja vimeota sugu. Hata kitanda chake nilikipakia mwenyewe.

Kilipofika, dada yangu alinipigia simu ya video. Baba alikuwa amekaa kando ya mzigo, kamba ameishika, hataki mtu aikate.

"Nani alofunga hii?"

"Watu wa ghalani, baba."

"Tangu lini Wazungu wakajua fundo la makuli wa Kilindini?"

Alinifundisha fundo lile nikiwa na miaka saba, kwa kamba ya kuanikia nguo. Siku ya kupakia, mikono ililifunga bila kuniuliza.

"Ni mimi, baba," nikasema. Nililia kwa aibu. "Sina ofisi."

Nilitamani simu ikatike.

"Nioneshe mikono."

Nikaisogeza mbele ya kamera. Aliitazama kitambo, kisha akaanza kulifungua fundo polepole, kwa vidole vyake mwenyewe.

"Vaa glavu, mwanangu," alisema. "Sisi hatukupewa."