Ukoko Niliompelekea Mwali

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kwetu Miteja, nilijaribu kuizuia harusi ya dada yangu kwa ukoko wa wali. Nikisema hivyo leo watu hucheka, nami huwaacha wacheke. Sehemu iliyobaki huwa siwasimulii.

Mama yetu alifariki kabla sijajua kusema vizuri. Aliyenilea ni dada Mwajuma. Yeye ndiye aliyenisuka nywele, aliyenisomesha sura fupi za kusalia, aliyeniosha vidonda nikianguka. Tulilala kitanda kimoja, mimi upande wa ukutani. Baba alikuwa mtu wa mikorosho, akirudi shamba amechoka, hana maneno. Bibi, mama yake baba, alitupenda, ila mapenzi yake yalikuja kwa kukemea. Basi niliposikia dada ameposwa na mtu wa Mchinga, na kwamba korosho zikishavunwa ataolewa aende huko, sikumwuliza mtu mimi nitabaki na nani. Niliona aibu. Kila mtu alikuwa anafurahi.

Wiki ya mwisho nyumba ikajaa. Shangazi Fatu, dada yake baba, alitoka Lindi na begi kubwa la magurudumu. Yeye ndiye aliyemfunda dada, akimsinga mwili kwa liwa, msandali wa kusagwa, asubuhi na jioni katika chumba chetu, madirisha yamefungwa asipigwe na jua. Kazi yangu ilikuwa kumpa shangazi vitu avipange kwenye begi: doti za khanga, mashuka aliyoyadarizi dada mwenyewe, udi ndani ya kopo, chetezo kilichoviringishwa kwenye taulo. Kila nilichompa kilitoka kwenye kabati letu. Siku ile lilipobaki tupu upande mmoja, nilimpa hata kitana chetu, na shangazi akakisukumiza pembeni ya begi bila kukitazama.

Jioni hiyo jikoni bibi alikuwa anapakua wali wa nazi. Akawaonya wanawake waliokuwepo, "Ukoko huu asipelekewe mwali. Mwali akila ukoko, siku ya harusi yake mvua itamwagika mpaka watu wakose pa kukanyaga."

Nilikuwa nimechuchumaa karibu na mafiga. Kati ya nyumba yetu na barabara kuu palikuwa na kijito, kikavu wakati huo, lakini mvua kubwa ikinyesha hakuna gari lililoweza kukivuka. Nilizipanga hesabu zangu hapo hapo. Gari lisipovuka, bwana harusi hafiki. Asipofika, dada habebwi.

Niliukwangua ukoko, wa rangi ya kahawia na mafuta ya nazi, nikautia kwenye bakuli na kulificha chini ya khanga. Shangazi alikuwa ameenda kuoga. Dada alikuwa amekaa peke yake mkekani.

"Nimekuletea ukoko," nikasema.

Alinitazama usoni. "Bibi anajua?"

"Hajui."

Alilipokea bakuli, akala ukoko wote, akajifuta midomo kwa ncha ya khanga. "Kesho niletee tena."

Nilimpelekea siku tatu. Badala ya kufurahi nilikosa raha, kwa kuwa niliona namdanganya mtu pekee aliyekuwa akiniamini.

Ijumaa kulikucha mbingu nyeupe. Kabla ya adhuhuri mawingu yakapanda, na watu waliporudi msikitini mvua ilikuwa inapiga bati kwa kishindo, usimsikie aliye karibu nawe. Mabegi yalifunikwa nailoni. Masufuria ya pilau yakahamishiwa barazani. Baba alisimama mlangoni, kanzu mpya imelowa chini, simu sikioni. Akageuka akatuambia, "Wako ng'ambo ya kijito. Maji yanafika kifuani."

Nilijibanza nyuma ya mlango, na sitasema uongo, nilifurahi. Kisha bibi akatoka jikoni, mikono imejaa majivu.

"Nani kampa mwali ukoko?"

Ndipo sauti ya dada ikatoka chumbani, "Nilichukua mwenyewe, bibi."

"Wewe? Ulikuwa unataka nini, mjukuu wangu?"

Bibi akakaa chini pale pale ukumbini, akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia. Nilitaka kusema ni mimi, nikazidi kujibanza nyuma ya mlango. Nilimwacha dada yangu abebe lawama siku ya harusi yake.

Karibu na alasiri mvua ikapungua. Bwana harusi hakungoja maji yakauke. Alivuka kwa miguu, ameshikana mikono na mjomba wake, maji ya kiunoni, viatu shingoni, kanzu kwenye mfuko wa plastiki kichwani. Alipotokea uani anatetemeka, vigelegele vikapigwa mpaka bibi akafuta machozi. Ndoa ikafungwa. Pilau ililiwa imepoa. Kisha mizigo ikabebwa vichwani kuelekea kijitoni.

Dada alipopita mlangoni amefunikwa, aliweka mkono juu ya kichwa changu, akaubana sana, akaenda. Wageni walimsindikiza. Mimi niliingia chumbani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka la zamani. Nilijilaza katikati, nikaona hapafai, nikarudi ukutani.

Miaka ikapita, zamu yangu ikafika. Dada alikuja kutoka Mchinga kunipangia mizigo. Tulipokuwa wawili tu, tunakunja khanga, nilimwambia habari ya ukoko. Akacheka kidogo.

"Nilijua tangu bakuli la kwanza. Kwani mimi sikukulia kwenye jiko la bibi yule yule?"

"Sasa mbona ulikula?"

Aliikunja doti, akaikunjua, akaikunja tena. "Sikutaka kwenda, mdogo wangu Sikudhani. Yule bwana hakuwa na ubaya, na hana mpaka leo. Ila nilikuwa nakuacha wewe, na hakuna aliyeniuliza. Nikasema moyoni, basi na inyeshe."

Nilimpa khanga nyingine.

Bibi ameshatangulia mbele ya haki, na sibishani naye. Najua pia kwamba kwetu mwezi ule mvua huja zenyewe, kuna harusi au hakuna. Ninachokirudia ni zile siku tatu chumbani, mlango umefungwa, shangazi yuko bafuni, hakuna wa kutusikia. Mimi nilidhani ndani ya nyumba ile nzima ni mimi tu niliyekuwa na huzuni, na yeye alidhani ni yeye tu. Tungeweza kulia pamoja, hata kwa dakika chache, halafu tukajifuta machozi kabla shangazi hajarudi. Tulikaa tunatazamana, kila mmoja akimficha mwenzake asimwongezee uchungu.