Mikono ya Baba Mkwe

Kwetu, pande za Bungoma, mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono. Hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mwenzake apite. Ukristo ulipofika ulifuta mengi, lakini hilo uliliacha. Nalitaja mapema kwa sababu siku niliyolala chini ya gari la baba mkwe, heshima hiyo ilinitoa jasho kuliko spana.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa fundi Kitale, katika gereji ya mashamba ya wazungu. Kazi yangu ilikuwa malori. Nilikuwa na ovaroli safi na mdomo mrefu, na nilijua kila kitu. Baba mkwe alikuwa mfanyabiashara wa mahindi karibu na Chwele, na mzee wa kanisa. Alikuwa amenunua jipu kuukuu la jeshi, gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, ambalo lilikuwa limeshapita kwa mzungu mmoja na mwingine. Alilipenda gari hilo, wee! Alilipangusa kabla ya kupangusa viatu vyake. Springi za mbele zilipovunjika alilileta Kitale, nikamfungia nyingine kwa mikono yangu, akanibariki akaenda.

Miezi mitano baadaye shemeji yangu mkubwa akanijia gereji, uso umekunjamana. Mzee alikuwa ameingia mtaroni na mama mkwe yuko kando yake. Hawakuumia, lakini gari sasa lilikuwa likiyumba barabarani huku na huku. Ukilinyoosha linakataa, unalivuta kushoto linapitiliza, unalirudisha kulia linapitiliza tena.

"Si ulilitengeneza wewe?" akaniuliza.

Nami, bila kuliona gari, bila hata kushusha spana niliyoshika, nikasema, "Gari nililitoa hapa likiwa sawa. Labda mzee ameanza kuchoka mikono."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Neno lile lilifika Chwele kabla ya aliyelibeba. Wiki haijaisha, watoto wa mzee wakawa wamekata shauri: Jumapili baada ya ibada wangekaa na mzee na kumnyang'anya ufunguo, gari liuzwe. Mke wangu aliposikia hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, "Ulilala chini ya hilo gari ukaona, ama ulisema tu?" Kisha akaninyima maneno siku mbili. Ijumaa nikaomba ruhusa, nikafunga vyuma vyangu kwenye gunia, nikadandia lori la mahindi.

Nilimkuta baba mkwe ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba, ameligeuzia gari mgongo. Nilikuwa nimemzoea mtu wa kucheka na kunitania ati Kitale wananilisha nini mbona sinenepi. Siku hiyo alinipa mkono haraka akaurudisha chini ya koti. Nikamweleza kazi: mimi nilale chini, yeye apande aushike usukani autikise kushoto na kulia, nami nitazame ni kiungo gani kinacholegea. Hivyo ndivyo ugonjwa wa kuyumba unavyotafutwa. Huwezi kuupata peke yako, kwa maana anayetikisa haoni, na anayeona hatikisi.

"Sishiki," akasema.

"Baba, gari limesimama tu hapo. Haliendi popote."

"Mkwe, nimesema sishiki. Huo usukani karibu unizikie mke."

Nyumbani hapakuwa na mtu mwingine. Nikasimama na gunia langu kama mgeni aliyekosea boma. Mara nikasikia mlango wa jikoni ukifunguka, nami nikainamisha macho upesi. Mama mkwe alipita mbali nami, akalizunguka gari kwa upande wa pili, akapanda. Ala! Nilale chini, mama mkwe amekaa juu yangu? Ningeanzia wapi kumweleza mama yangu mzazi? Lakini yeye alikuwa ameshashika usukani, akamwambia mumewe kwa sauti ya juu, "Mwambie mtu wako aingie chini. Mimi natazama mbele, sioni mtu."

Nikaingia. Na kwa kuwa hatukuweza kusemezana, maneno yote yalipitia kwa mzee. Mimi nasema, "Baba, atikise kidogo kidogo." Mzee, bado ametugeuzia mgongo, anasema, "Anasema utikise kidogo kidogo." Juu yangu, "Mwambie ndiyo natikisa." "Anasema ndiyo anatikisa." Mbali kidogo kuku walikuwa wakitutazama. Ningekuwa na furaha ningecheka mpaka nitoke machozi.

Nilitazama kiungo baada ya kiungo. Nikashika kila kimoja kwa vidole, maana ulegevu mwingine hauonekani, unasikika mkononi. Vyote vilikuwa vimeshika. Sanduku la usukani lilikuwa zima, nati zimekaza. Nikapiga jeki, nikayasukuma magurudumu juu na chini, hayakucheza. Kila nilipokuta kitu kizima niliogopa zaidi, kwa sababu gari likikosa ugonjwa, mgonjwa ni mzee.

"Umeona nini?" akauliza.

"Ngoja, baba, nitazame tena." Akaelewa.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema, polepole. Sijawahi kusikia mtu akisema maneno madogo kwa uchungu vile.

Hapo mama mkwe akakasirika. "Mwambie huyo fundi kwamba mimi ndiye ninayekaa kando yako! Zamani ukikata kona, usukani ulikuwa unarudi wenyewe, unateleza tu mikononi mwako. Nilikuwa napenda kuuona. Siku hizi haurudi. Mwambie tangu springi zile za Kitale, haurudi!"

Mzee hakurudia. Hakukuwa na haja.

Nikageuza kichwa nikaitazama springi. Kati yake na ekseli mna kabari, kipande cha chuma chembamba upande mmoja na kinene upande wa pili. Hiyo ndiyo inayoilaza ekseli nyuma kidogo, ili magurudumu yapende kunyooka yenyewe. Kwenye malori niliyoyazoea, springi hukaa juu ya ekseli, na unene wa kabari unaelekea nyuma. Kwenye jipu lile springi zilikaa chini ya ekseli, kwa hiyo unene ulipaswa kuelekea mbele. Mimi kabari nilizifunga kilori. Mkono ulifuata mazoea, kichwa kikiwa kimelala. Zote mbili nilizigeuza kinyume, nikazikaza sawasawa, na nikampungia mzee mkono akienda.

Nitakuambia ukweli, maana umri wangu sasa haunisaidii kudanganya. Nililala pale na nikawaza kuzigeuza kimya kimya. Ningetoka na jina zuri: fundi amekuja, fundi ametengeneza. Nani angejua kabari ni nini? Lakini niliona viatu vya mzee pale kwenye kigoda, vimekaa pamoja, vimenyamaza, na roho ikanisuta. Nikatoka na vumbi langu nikapiga magoti mbele yake.

"Baba, mikono yako ni mizima. Ni yangu iliyokosea. Chuma cha springi nilikiweka kinyume. Na lile neno la kuchoka mikono, ni mimi niliyelisema, tena kabla sijaliona gari. Nisamehe."

Mama mkwe alishuka akaingia ndani. Mzee akaitoa mikono chini ya koti, akaiweka juu ya magoti, akaitazama.

"Mimi nilikuwa nimeshakubali," akasema. "Jumapili iliyopita ilikuwa Meza ya Bwana. Nilimwambia mchungaji kikombe cha divai akishike mzee mwingine. Nilidhani nitamwaga."

Haki, nililia. Mtu mzima, baba wa watu, ovaroli na yote, nililia pale uani.

Nikazigeuza kabari mchana huo, nikakaza, nikampa usukani. Alisita, kisha akapanda. Tulikwenda mpaka sokoni Chwele na kurudi, na kwenye kona ya kwanza alilegeza vidole, usukani ukateleza viganjani mwake ukasimama wenyewe katikati. Alirudia kona ile mara tatu, na wauza vitunguu wakatushangaa.

Jumapili kabla ya ibada shemeji alisikia habari yote kutoka kinywani mwangu, na ufunguo haukutajwa. Lakini neno langu la kuchoka mikono lilikuwa limeshaenea kanisa zima, na maji yakimwagika hayazoleki. Mchungaji alipotangaza kwamba Meza ya Bwana itaandaliwa tena kwa ajili ya walioikosa, watu waligeuza vichwa. Baba mkwe akainuka, akakishika kikombe kwa mikono miwili, akapita safu kwa safu. Kila jicho lilikuwa kwenye vidole vyake. Alipofika kwangu sikuweza kuinua uso. Akakiinamisha mwenyewe mpaka midomoni mwangu, nikanywa, na hakuna tone lililonidondokea.