Bei Isiyoshuka

Kaka yangu hajui kutulia. Katika duka letu la michezo ya video, chumba kimoja chenye rafu tatu, anakaa, anainuka, anapangusa makasha niliyokwisha kuyapangusa, kisha anachungulia simu kuona kama bei zimebadilika. Kumwambia atulie ni kumpigia mbuzi gitaa.

Tena ana huruma isiyofaa biashara. Mteja akishika mchezo mpya, humnong'oneza asubiri, bei itashuka. Na kweli, mingi haimalizi mwaka kabla bei haijakatwa nusu. Ndivyo alivyomwambia yule nesi aliyetaka kumnunulia baba yake mchezo wa kulima bustani. Mzee, fundi cherehani mstaafu, macho yalikuwa yakimfifia. Alitaka kupanda maua kwenye skrini wakati bado anaziona rangi.

"Usitupe pesa, dada," kaka akamwambia. "Subiri kidogo tu."

Mwaka ukapita, bei ileile. Wa pili nao, ileile, kama imepigiliwa misumari. Nesi akipita huuliza akiwa mlangoni, na kaka humjibu bila kumtazama. Kuishusha bei mwenyewe hakuweza. Mchezo wenyewe tuliununua karibu kwa bei hiyohiyo.

Mwishowe kaka akampigia simu wakala wa kampuni inayotengeneza mchezo huo. Wakala akacheka. Kizuri chajiuza, akasema. Hawashushi, na hawatashusha. Ukishusha mara moja umewafundisha watu kungoja, na waliolipa bei kamili watajiona wajinga. Mtu akijua bei haishuki, atanunua leo. Niliudhika, maana alisema kweli, na sisi ndio tuliokuwa tukiwafundisha watu kungoja.

Kaka hakumaliza chai yake. Akachukua kasha la mchezo ule rafuni, tukafunga duka mchana kweupe, akatangulia mbio kwenda nyumbani kwa nesi, hadi nikaona aibu kumfuata. Nesi akatufungulia. Kaka akasema ameuleta bure, ni zawadi.

"Tulisubiri, kaka, kama ulivyotuambia," nesi akasema taratibu, akatupisha.

Mzee alikuwa kitini karibu na dirisha. Akalipokea kasha kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba ukingoni kama anayekagua upindo wa nguo. Akauliza jalada lina rangi gani.

"Kijani," kaka akasema.

"Kijani kipi?"

Kaka akanigeukia mimi.