Sarafu ya Marehemu Baba

Naandika haya kwa aibu, na mkinicheka ni haki yenu. Marehemu baba alikuwa baharia. Alimletea mama sarafu ya Marekani, akaitoboa kwa mkono wake, na mama akawa anaifunga kwenye pindo la khanga. Tangu macho yake yalipofifia, hukipapasa kile kitundu kutwa.

Mie, mjuaji wa kusoma kwenye simu, nikakuta kwamba sarafu zao nyingi za hadi mwaka 1964 ni fedha halisi, asilimia tisini. Yake ilikuwa ya 1962! Nikajiambia, mali kama hii inafichwa pindoni ya nini? Nikaichukua kimyakimya, nikampelekea sonara wa Temeke anifulie pete ya mama.

Akaniuliza mara mbili, "Sista, niiyeyushe kweli?"

Nikamjibu kwa maringo, "Braza, wewe yeyusha tu."

Ijumaa nikamvisha mama pete. Akaipapasa, akatabasamu.

"Nzuri, mwanangu. Mungu akuzidishie." Kisha akaninyooshea kiganja kilekile chenye pete. "Haya, nipe na sarafu ya baba yako. Najua uliichukua kuisafisha. Tangu juzi kidole changu kinatafuta kile kitundu chake."